Barua Ishirini na Moja za Bi. Mwanakheri Mwinshehe

Jumapili tarehe 30 Juni 1985, Bi. Mwanakheri Mwinshehe atatimiza miaka ishirini na mitatu ya utumishi katika Shirika la Mbegu la Mkondoa, makao makuu Kilosa, na kustaafu akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Aliingia akiwa mshona magunia. Anatoka akiwa Mkuu wa Kitengo cha Mashine ya Kadi, cheo ambacho kabla yake hakikuwahi kushikwa na mwanamke wala na mtu aliyeishia darasa la nne.

Wasifu huu si ule niliouandika mwanzo. Ule wa mwanzo ulikuwa tayari kwenye stensili tangu tarehe 12 mwezi huu, kurasa mbili safi, na nusu yake nzima ilikuwa inaisifia mashine. Nimeuchana. Sababu nitaieleza mbele, na msomaji anivumilie, kwa maana hata sasa ninapoandika bado sijakaa sawa.

Mimi ni Timotheo, Afisa Utumishi na mhariri wa jarida hili. Kwetu ni Tabora, kwa hiyo mimi na Bi. Mwanakheri ni watani. Kwa miaka kumi na miwili nimekuwa nikimpa shikamoo yake kila asubuhi, naye akishaitikia marahaba ananiuliza kama Wanyamwezi bado wanabeba mizigo kichwani au wameshasikia habari za reli. Nilidhani namjua. Nilidhani pia naijua ofisi yangu.

Bi. Mwanakheri alizaliwa Masanze mwaka 1930. Mama yake alikuwa msusi wa mikeka, na yeye mwenyewe anasema hesabu hakujifunza darasani bali kwenye ukili, kwa kuwa ukikosea mwendo mmoja unafumua kazi ya siku nzima. Julai 1962, nchi ikiwa bado changa, aliajiriwa kwenye ghala letu kushona midomo ya magunia ya mbegu. Angeweza kuishia hapo, na angekuwa mshona magunia mzuri tu.

Mwaka 1965 mashine ya kupanga kadi ikaja kwa treni, ndani ya kreti lililobebwa na watu kumi na wawili kutoka stesheni. Kwa wale wapya niieleze kwa ufupi. Kila mkulima tunayemhudumia ana kadi yake moja. Kadi hiyo ina matundu, na kila tundu lina maana: kijiji chake, ekari zake, zao lake. Mashine ilikuwa inapitisha kadi moja moja kwa kasi, inayasoma matundu, na kuitupa kila kadi kwenye kijisanduku cha kijiji chake. Baada ya hapo orodha inachapwa kwa taipureta, na malori yanapakia mbegu kwa kuifuata. Orodha ikichelewa wiki moja, mkulima wa Lumuma anapanda zile mbegu kidogo alizoning'iniza juu ya jiko, au hapandi kabisa.

Mtaalamu kutoka nje alikuja kwa wiki tatu kuwafundisha makarani wawili wa kiume. Bi. Mwanakheri aliitwa kwa jambo jingine kabisa, kuishonea mashine kifuniko cha turubai. Siku mbili makarani walikuwa wakiipa mashine kadi na mashine inatoa hesabu isiyoeleweka. Siku ya tatu, yeye akiwa amepiga magoti sakafuni anapima turubai, aliinua macho akaona kitu. Kila kadi hukatwa pembe moja ili zote zitazame upande mmoja, na katika bunda lile pembe moja ilikuwa upande wa pili. Hakuwa na lugha ya kusema na mtaalamu, hivyo aliinuka tu akaichomoa ile kadi na kumpa mkononi. Mtaalamu aliigeuza, akairudisha, na mashine ikahesabu sawasawa. Kesho yake aliambiwa aje bila turubai.

Mwaka 1966 alipelekwa Dar es Salaam kwa mafunzo ya wiki sita, mwanamke pekee kati ya wanafunzi kumi na wanne. Alirudi na cheti, na sheria mbili ambazo hajazilegeza hata siku moja.

Sheria ya kwanza ilikuwa ya viatu. Vumbi la Kilosa mnalijua. Ndani ya chumba cha mashine kila mtu alivua viatu mlangoni, awe mfagiaji, awe Meneja Mkuu, awe mgeni wa kutoka wizarani. Watu walizoea kuingia mle kwa sauti ya chini, na baada ya muda wengi wetu tukaacha kuingia kabisa. Tulipita kibarazani, tukasikia mvumo, tukajua mashine iko kazini.

Sheria ya pili ilikuwa ya spoku. Mashine ilikuja na sindano ndefu ya chuma ya kukagulia, ikapotea mwaka wa pili, na Bi. Mwanakheri akaweka mahali pake spoku ya baiskeli ya marehemu mumewe. Kadi za kijiji kimoja zikishapangwa, unaziweka sawa kama karata na kupitisha spoku kwenye tundu la kijiji hicho. Ikipita hadi upande wa pili, zote ni za hapo. Ikigota, kadi iliyoizuia ni mgeni, na lazima umrudishe kwao. Mtaalamu aliwaambia wakague mara moja kwa wiki. Bi. Mwanakheri alikagua kila bunda, kila siku, na kila binti aliyeletwa kufundishwa kazi alikatazwa kuigusa mashine mwezi mzima. Mwezi huo alikaa na kadi mapajani akijifunza kuyasoma matundu kwa jicho na kwa ncha ya kidole, mpaka aweze kusema hii ni Kisanga, hii ni Mikumi, bila kufikiri.

Mabinti walinung'unika. Mimi nami nilinung'unika, tena kwa maandishi. Mwaka 1976 niliandika waraka wa ndani kwamba kumfundisha mtu kufanya kwa vidole kazi ambayo mashine inaifanya ni kupoteza muda wa umma. Waraka huo upo, una sahihi yangu, na juma hili nimeusoma tena nikitamani sakafu ipasuke.

Habari ya Mikumi ilinikuta tayari imekuwa kisa cha kantini. Mwaka 1971 alikuwa akipeleka kadi elfu moja na mia moja Mikumi kwa Land Rover, dereva akiwa Tomasi, ambaye sasa ni mkuu wa gereji yetu. Walipokata kona walikutana na tembo wanne katikati ya barabara. Tomasi alikanyaga breki kwa miguu yote miwili, sanduku likapinduka, na kadi zikamwagika ndani ya gari, chini ya viti, na nyingine nje. Tembo walipoondoka, nao hawakuwa na haraka, Tomasi alitaka wageuze warudi Kilosa kwenye mashine. Bi. Mwanakheri alishuka, akatandika khanga kwenye nyasi, akaokota, akapanga, akakagua kwa spoku, huku Tomasi akiwa juu ya boneti anaangalia kama wanarudi. Ilichukua saa tatu na nusu. Walifika Mikumi zimekamilika, isipokuwa moja yenye alama ya mguu ambayo ilibidi itobolewe upya.

Ya mwaka 1974 tuliyaona sote. Watu walihamia vijiji vya ujamaa kwa maelfu, lakini kadi zao zilibaki na matundu ya walikotoka. Mashine ilifanya kazi yake bila kosa hata moja, na malori yetu yakashusha mbegu mahali ambapo palikuwa na vibanda vitupu na jivu baridi. Hakuna aliyemlaumu Bi. Mwanakheri, kwa sababu kadi zilipangwa kama zilivyotobolewa. Yeye alijilaumu. Kuanzia mwaka uliofuata aliweka utaratibu ambao umeendelea hadi leo: kila Agosti kadi zinapelekwa kijijini na kusomwa mbele ya mkutano, jina kwa jina, na kila mtu anaitika mwenyewe kwamba yupo, analima wapi na ekari ngapi.

Sasa nije kwenye miaka sita hii ya mwisho, ambayo nimeiandika mara nyingi katika jarida hili, na kila mara nimeiandika vibaya.

Kabla ya mwaka 1979 tulikuwa tukipokea malalamiko thelathini hadi arobaini kila msimu, mkulima kasahaulika, mwingine kaandikwa kijiji kisicho chake. Baada ya hapo yalianza kupungua. Msimu wa 1981 yalikuwa mawili. Yupo mama mmoja wa Masanze, Rutha Kisioki, mjane wa jamii ya wafugaji aliyeanza kulima mahindi. Kila mwaka alikuwa akija kwa miguu hadi Kilosa kwa sababu jina lake halimo, na kila mwaka tulimwambia arudi mwakani. Mwaka 1980 jina lake likawamo, na halijatoka tena. Mimi nilifurahi sana. Desemba 1981 niliandika makala yenye kichwa "Mashine Yetu Haikosei", nikaeleza kwamba mtambo, kama mtu, huzidi kukomaa kadiri unavyotumika.

Mwaka 1982 walikuja wageni kutoka wizarani kuuona mtambo huo uliokomaa. Niliwaongoza mwenyewe, tukavua viatu. Mashine ilikuwa imefunikwa turubai lake, na akina mama saba walikuwa wameinamia meza wakipanga kadi. Bi. Mwanakheri alisimama, akasalimia, akaanza, "Ndugu wageni, mashine hii—" nami nikamkatiza. Niliwaambia mashine imepumzika, na kwamba hawa wanaandaa tu kadi za kuilisha. Wageni waliandika. Yeye alinitazama kidogo, kisha akakaa chini akaendelea na kazi.

Jumanne ya wiki iliyopita, tarehe 18 Juni, ndiyo ilikuwa siku ya makabidhiano. Tulikuwepo watu watano: Meneja Mkuu Ndugu Oswald Lazaro, fundi umeme wetu Ngoitiko, ambaye ana mwaka wa pili hapa, Sikuzani, msaidizi wa Bi. Mwanakheri, anayepokea kitengo, Bi. Mwanakheri mwenyewe, na mimi na fomu yangu. Fomu ina mstari unaosema kifaa kimewashwa mbele ya mashahidi na kuonekana kinafanya kazi. Miaka yote nimeutia alama mstari huo nikiwa mezani kwangu. Safari hii Meneja alitaka tuifanye kama inavyotakiwa, kwa heshima ya anayestaafu.

Bi. Mwanakheri aliondoa turubai akalikunja mara nne. Mashine ilikuwa inang'aa, haina vumbi hata chembe. Ngoitiko alibonyeza swichi. Taa nyekundu iliwaka, na kingine chochote hakikutokea. Akabonyeza tena. Akafungua kifuniko cha ubavuni, akaingiza mkono, akautoa.

"Haina mkanda, Mzee," alimwambia Meneja.

Bi. Mwanakheri alivuta droo akatoa bahasha ya kaki. Ndani yake kulikuwa na mkanda wa mpira, vipande viwili, na juu ya bahasha ameandika kwa mwandiko wake ulionyooka: Umekatika Jumatano 14 Februari 1979, saa nne asubuhi.

Nilisikia mvumo. Ndiyo, hata wakati ule mvumo ulikuwepo, ule ule wa kibarazani wa miaka yote. Niligeuka nikaona feni ya mezani kwenye kona, inazunguka taratibu ili kadi zisishike unyevu.

Meneja aliuliza orodha za misimu sita zimepangwa na nani.

"Na sisi," alisema Bi. Mwanakheri. "Kwa mkono."

Kadi elfu kumi na mbili. Misimu sita. Hakuna hata orodha moja iliyochelewa. Meneja alitoka akavuka uwanja hadi ofisini kwake akiwa na soksi tu, viatu vyake vikabaki mlangoni, na hakuna aliyethubutu kumfuata navyo.

Sitaficha kwamba mshtuko wetu uligeuka hasira haraka sana. Tulijiona tumefanywa wajinga. Meneja alikuwa amewaahidi wakubwa wake kwamba shirika lina mtambo, ameuandika katika taarifa sita za mwaka. Mchana ule ule aliniagiza nitayarishe hati ya mashtaka ya kuudanganya uongozi, iwe mezani kwake kesho yake. Sherehe ilisimamishwa. Kitengo kitafungwa, kadi zipelekwe Dar es Salaam, na mabinti sita warudishwe ghalani kushona magunia. Mtu aliyebakiza siku kumi na mbili kustaafu kwa heshima alikuwa anatolewa akiwa mtuhumiwa, na mimi ndiye niliyepewa kalamu. Niseme kweli, nilikwenda kuichukua kalamu hiyo bila kusita. Nilikuwa nimeudhika kuliko Meneja, maana yeye aliahidi na mimi nilitunga sifa.

Bi. Mwanakheri alipopewa habari alirudi mezani kwake. Alimwambia Sikuzani waendelee na Kisanga walipoishia.

Hati ya mashtaka inatakiwa iorodheshe mawasiliano yote kati ya mtumishi na uongozi. Nilimwomba Agnesi wa masijala aniletee jalada la kitengo, nikitegemea jalada jembamba. Aliniletea jalada nene lililofungwa kwa kamba. Nilimwambia amekosea. Akanionyesha namba, alikuwa hajakosea.

Barua ya kwanza ni ya tarehe 15 Februari 1979, siku moja baada ya mkanda kukatika. Kichwa chake: YAH: MKANDA WA MASHINE YA KUPANGA KADI. Chini yake ameandika kwamba mashine haifanyi kazi, kwamba fundi wa wakati ule ameitazama na kusema mkanda haupatikani nchini, kwamba kitengo kimeanza kupanga kadi kwa mkono, na kwamba orodha itatoka kwa wakati. Juu ina muhuri wa Imepokelewa. Nyuma yake kuna nakala ya jibu la mstari mmoja: Suala lako linashughulikiwa.

Sahihi iliyo chini ya jibu hilo ni yangu.

Nikafunua ya pili. Ya tatu. Ya tano. Zilikuwa ishirini na moja. Kila moja inasema mashine haifanyi kazi, kila moja inamalizia kwamba orodha itatoka kwa wakati, na nyuma ya kila moja kuna jibu lile lile na sahihi ile ile. Nilikuwa nikisoma kichwa cha habari, naona neno mkanda, naipeleka barua stoo, na stoo wanasubiri kibali cha fedha za kigeni. Nilikuwa nafanya kazi, ndivyo nilivyodhani. Ya kumi na moja ni ya Januari 1982, na aya yake ya mwisho nainakili hapa bila kupunguza: "Naomba pia uongozi ufahamu kuwa jarida la Desemba limesema mashine haikosei. Ni kweli haijakosea, kwa sababu haijafanya kazi tangu mwaka 1979. Waliofanya kazi ni hawa," na hapo ameandika majina sita. Nyuma yake: Suala lako linashughulikiwa.

Nilifunga mlango wa ofisi yangu. Nitaandika na hili, maana wasifu wa mtu mkweli haupaswi kuandikwa na mwongo. Majalada yamekwisha potea mengi masijala, na moja zaidi lisingemshangaza mtu. Kwa muda wa kikombe kimoja cha chai nilikaa na wazo hilo. Nilimkumbuka akisimama mbele ya wageni wa wizarani, anaanza kusema, na mimi namkatiza. Alikuwa anataka kuwaambia. Chai ilipoa, nikaliweka jalada kwapani nikavuka uwanja.

Meneja alisoma kwa muda mrefu bila kuinua uso. Kisha aliweka kidole chini ya karatasi.

"Na sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu," nilisema.

Aliendelea kufunua. Alipofika barua ya kumi na tano alisimama, na nikaona kilichomsimamisha: pembeni mwa barua, kwa wino wa kijani anaoutumia yeye peke yake shirika zima, pameandikwa Nimeona, na herufi mbili za jina lake. Alilifunika jalada taratibu, akavua miwani. Aliniambia hati ya mashtaka nisiiandike.

Asubuhi ya Jumatano tulimwita. Aliingia, tukasimama sote wawili, jambo ambalo sikumbuki kulifanya kwa mtumishi mwingine. Meneja alimwomba radhi kwa maneno machache, kwa sauti ambayo haikuwa ya kimeneja. Halafu akamuuliza lile lililokuwa linatukereketa wote: kwa nini katika miaka sita hakuja hata mara moja, akagonga mlango huu, akatuambia kwa mdomo?

Bi. Mwanakheri alifikiri. Hakuonyesha kwamba anatulaumu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Niliandika," alisema. "Nilidhani ofisi inasoma."

Maamuzi yaliyofuata ni haya, nami nimeruhusiwa kuyatangaza. Kitengo hakifungwi. Jina lake kuanzia Julai Mosi ni Kitengo cha Kadi, na mkuu wake ni Sikuzani, ambaye alianza kujifunza mwaka 1976, mwezi ule ule nilipoandika waraka wangu wa kupoteza muda. Mabinti wote sita wanathibitishwa kwenye vyeo vyao. Malori ya Oktoba yatafuata orodha watakayoipanga. Taarifa sita za mwaka zitasahihishwa, na Meneja ameniambia nikiandika habari hii nisiuondoe wino wake wa kijani. Mashine inabaki ilipo, chini ya turubai alilolishona yeye mwenyewe miaka ishirini iliyopita. Viatu bado vinavuliwa, maana akina mama wamesema sakafu imezoea usafi.

Sherehe ya leo Ijumaa imerudishwa, na pilau lipo. Watu wamekuja kutoka Kisanga, Lumuma na Mikumi bila kualikwa na ofisi. Bi. Rutha Kisioki amekuja kwa miguu kama zamani, safari hii hana lalamiko, ameleta kibuyu cha maziwa.

Bi. Mwanakheri anarudi Masanze kulima. Jana alasiri Sikuzani alimtobolea kadi yake ya kwanza: Masanze, ekari mbili, mahindi. Kadi hiyo ilipitishwa spoku pamoja na za wenzake wa kijiji, na spoku haikugota.

Kwa niaba ya uongozi na wafanyakazi wote, Bi. Mwanakheri, tunakushukuru kwa miaka ishirini na mitatu, na kwa namna ya pekee kwa ile sita ambayo hatukujua tunakushukuru kwa lipi. Tunakuombea afya, mavuno, na usingizi wa mchana ambao hapa kazini hukuupata. Mvua ikute shamba lako tayari, na lori letu likute mlango wako.

Limebaki jambo moja. Jumatatu tarehe 24 Juni, mezani kwangu, nilikuta barua yako ya ishirini na mbili. Kichwa chake ni kile kile cha mkanda. Unaomba mkanda usiagizwe tena, na mahali pake zinunuliwe spoku sita, kila mmoja awe na yake. Zimenunuliwa, ziko mezani kwa Sikuzani. Shikamoo, Mtani. Barua yako nimeipokea, na nimeisoma yote.